Maneno ya Mota-Hatua na Kibao Chake: Istilahi Zilizopimwa Karakanani

Madhumuni ya makala haya ni mawili. Kwanza, kueleza namna kibao cha kuendeshea mota-hatua kinavyosanifiwa na kuundwa kwa mkono, kwa vifaa vinavyopatikana madukani na katika mashine kuukuu. Pili, kuyapima maneno ya Kiswahili yanayohitajika katika kazi hiyo. Hatukuyaunganisha mambo hayo kwa bahati tu. Tulikuwa tumeandaa mwongozo mfupi wa karakana pamoja na orodha ya istilahi zake, tukaridhika nao ulipokuwa ungali karatasini. Kisha tukaona kwamba kabla ya kuupeleka kwa wengine yafaa tumkabidhi kijana mmoja anayejifunza ufundi wa umeme wa majumbani, aunde kibao kwa kuufuata neno kwa neno, nasi tukae pembeni bila kumweleza lolote. Kibao kilikamilika na mota ikazunguka. Lakini orodha yetu haikurudi kama ilivyokwenda: maneno mawili yalituunguzia vifaa, moja lilitupotezea siku nzima, na moja nusura limwunguze kijana mwenyewe.

Msomaji asiyeijua mota-hatua hana haja ya kwenda mbali. Na aitazame saa ya ukutani inayotumia betri. Katika nyingi za saa hizo mshale wa sekunde hautiririki, bali husogea ghafla, hutulia, kisha husogea tena. Ndani yake mna mota ndogo yenye koili moja na sumaku, ya aina iliyobuniwa na Marius Lavet wa Ufaransa mwaka 1936. Kipande cha fuwele ya kwatsi hutetema mara 32,768 kwa sekunde. Saketi huigawa hesabu hiyo kwa mbili mara kumi na tano mfululizo hadi ikabaki moja. Na kila sekunde koili hupewa mpigo mmoja wa umeme, mota nayo ikapiga hatua moja.

Mota ya kawaida, kama ile ya gari la kuchezea watoto, ukiipa umeme huzunguka mpaka uukate, wala hakuna ajuaye imezunguka mara ngapi. Mota-hatua hupewa mpigo mmoja, ikasogea pembe moja isiyobadilika, kisha ikakaa ikingoja mpigo mwingine. Katika aina inayopatikana kwa wingi zaidi rota ina meno 50, na koili hupewa umeme kwa zamu zenye hali nne. 50 mara 4 ni 200, kwa hiyo mzunguko mzima una hatua 200, kila hatua nyuzi 1.8. Mwenye kuhesabu mipigo hujua mhimili umefika wapi hata kama hauoni. Ndiyo sababu mota hizi zilitumika, na zingali zikitumika, kusogeza karatasi katika mashine za kuchapia za kompyuta, kusogeza vichwa vya kusomea diski laini za zamani, na siku hizi kuendesha mashine za kuchonga mbao na zile za kujenga vitu vya plastiki tabaka juu ya tabaka. Fundi mwenye mashine mbovu ya kuchapia ana mota-hatua moja au mbili bila kununua.

Jina la mota lilikuwa na washindani. Mmoja wetu alipenda mota-mruko, kwa kuwa mshale wa saa kweli huruka. Tulilikataa kwa sababu ambayo haikuonekana mpaka tulipofika kwenye maradhi ya mota yenyewe. Mota hii ikibebeshwa mzigo mzito mno, au ikipigiwa mipigo ya haraka mno, hushindwa kuifuata: kibao kimehesabu hatua kumi, mhimili umesogea saba, wala kibao hakina habari. Kosa hilo huharibu kazi kimyakimya, na lazima liwe na jina. Kiswahili tayari kina jina lake, kwani msomaji aliyeacha ukurasa husemwa ameruka ukurasa. Basi mota iliyokosa kufuata mpigo imeruka hatua. Na kama mota ingeitwa ya mruko, uzima na ugonjwa vingekuwa na neno moja. Mota-ngazi nayo haikukaa, kwa kuwa ngazi ni mahali pa kukanyaga, si tendo la kukanyaga. Hatua ilishinda, nayo ilituzalia jamaa zake bila taabu: kupiga hatua, hatua kamili, nusu hatua, hesabu ya hatua.

Kuhusu kibao hatutasema mengi. Wengi husema bodi, lakini bodi ni ya gari, na bodi ni ya wakurugenzi. Kibao chatosha, ingawa nalo limebeba mizigo mingine, kuanzia kibao cha kukalia hadi kibao cha shavuni.

Kibao tulichokisanifu kina sehemu tatu. Ya kwanza hutoa mipigo, tumeiita kipiga-mipigo. Ya pili huipokea mipigo hiyo na kuamua ni koili zipi zipate umeme na zipi zikae, tumeiita kipanga-zamu. Ya tatu huichukua amri dhaifu ya kipanga-zamu na kuigeuza kuwa mkondo wenye nguvu ya kutosha kusukuma mota. Sehemu hii ya tatu ndiyo iliyotutesa kuliko zote.

Katika orodha yetu ya kwanza tuliandika kidhibiti kwa zile sehemu mbili za mwanzo zikiwa pamoja, na kidhibiti-mota kwa ile ya tatu. Karatasini tofauti ilionekana. Lakini mtu anapoandika maelekezo marefu huchoka, naye hufupisha. Na ukurasa wa nne wa mwongozo ulisomeka hivi: unga nyaya za mota kwenye kidhibiti. Kijana alitazama mezani, akaona kidhibiti kimoja tu kilichokwisha kuandikwa jina, akaunga nyaya huko. Saketi unganifu ndogo, ambayo mafundi huiita aisii, iliyotengenezwa kutoa miliampea chache, ikajikuta inadaiwa nusu ampea. Ilipata moto ikafa. Kijana hakukosea hata kidogo, alitii tulichoandika.

Mafundi wa mijini hukiita kiungo hiki dereva. Nasi hatuna uadui na maneno ya mkopo. Mota, transista na diodi ni ya mkopo na yametufaa. Lakini dereva lina kasoro mbili. Ya kwanza ni ya sarufi. Dereva amekwisha kuwa mtu katika Kiswahili, na kwa hiyo fundi akisema “dereva ameungua” msikilizaji hushtuka, na akisema “dereva imeungua” mwalimu wa Kiswahili hushtuka. Ya pili ni ya maana, nayo ni kubwa zaidi. Dereva wa basi ndiye mwenye kuamua: hugeuza, hupunguza mwendo, husimama. Kiungo hiki hakiamui lolote. Huambiwa washa, kikawasha. Huambiwa zima, kikazima. Tukichukua mfano wa chombo cha baharini, kipanga-zamu ndiye nahodha, na hiki ni mpiga kasia. Kumwita mpiga kasia kwa jina la nahodha ni kumwandalia mwanafunzi makosa kama yale yaliyotupata.

Tulijaribu kisukuma-mkondo, kwa mfano wa kipaza-sauti na kikuza-sauti. Neno ni zuri na maana imo ndani yake. Hata hivyo, kila aliyelisikia mara ya kwanza aliuliza lugha ya Wasukuma inahusiana vipi na umeme, tukaona tusiwape walimu kazi ya kunyamazisha vicheko. Hatimaye tulikubaliana juu ya kiendeshi, kutokana na kuendesha, yaani kufanya kitu kiende. Twajua kwamba neno hilo hutumika pia kwa chombo cha diski katika kompyuta. Kwa hiyo mahali panapoweza kuleta utata tumeandika kiendesha-mota kwa ukamilifu, na neno kidhibiti tumeliachia akili peke yake, lisiguse misuli kamwe.

Sasa tuiangalie kila sehemu kwa zamu yake.

Kipiga-mipigo chetu ni saketi unganifu ya 555, ambayo kampuni ya Signetics ya Marekani iliitoa mwaka 1972 kutokana na usanifu wa Hans Camenzind, na ambayo hadi leo huuzwa kwa bei ndogo. Huhitaji vikinza viwili na kapasita moja. Idadi ya mipigo kwa sekunde hupatikana hivi: chukua kikinza cha kwanza, ujumlishe na mara mbili ya kikinza cha pili, kwa omu, zidisha kwa kapasita, kwa faradi, kisha ugawe 1.44 kwa jawabu hilo. Sisi tuliweka kikinza cha kwanza cha omu 1,000, na kapasita ya mikrofaradi 0.1. Kikinza cha pili tulikifanya kwa vipande viwili vilivyofuatana: kimoja cha omu 22,000 kisichobadilika, na kingine cha omu 470,000 cha kugeuzwa kwa mkono, kama kile cha kuongezea sauti ya redio. Ukikigeuza hadi mwisho mmoja wapata mipigo 320 kwa sekunde, ambayo kwa mota ya hatua 200 ni mizunguko 1.6 kila sekunde. Ukikigeuza hadi mwisho wa pili wapata mipigo isiyofika 15 kwa sekunde, na mhimili huchukua takriban sekunde 14 kumaliza mzunguko mmoja, hata jicho laweza kuhesabu hatua. Hesabu hii haitegemei volteji ya betri, na hiyo ndiyo sifa mojawapo iliyoipa 555 umri mrefu.

Neno mpigo, wingi wake mipigo, tumelitenga kwa makusudi na pigo, ambalo wingi wake ni mapigo. Daktari ana mapigo ya moyo, na aliyefiwa amepatwa na pigo. Fundi aachiwe mipigo yake. Kijana alitusahihisha hapa bila kujua. Alisoma mahali tulipokosea chapa tukaandika “mapigo ya mota”, akauliza kama mota inapaswa kugonga.

Kipanga-zamu ndicho kiini cha kibao, nacho ni chepesi kuliko watu wanavyodhani. Mota yetu, iliyotoka katika mashine ya kuchapia, ni ya nyaya sita: ina koili mbili, na kila koili ina waya katikati yake, kwa hiyo ni kama nusu-koili nne. Tuziite A na A-kinyume, B na B-kinyume. Kanuni ni kwamba wakati wowote nusu moja ya A na nusu moja ya B ziwe na umeme. Zamu ni hizi: A pamoja na B, kisha A-kinyume pamoja na B, kisha A-kinyume pamoja na B-kinyume, kisha A pamoja na B-kinyume, halafu mwanzo tena. Ukizisoma kutoka mwisho kwenda mwanzo, mota hurudi nyuma.

Ili kuzitoa zamu hizo vyahitajika viungo viwili vya aina ambayo Kiswahili hakijaipa jina lililotulia. Ni saketi ndogo yenye hali mbili, juu au chini, ambayo hukaa katika hali moja mpaka mpigo uje, na mpigo ukija huchukua hali iliyo mlangoni pake wakati huo. Viwili vyake hupatikana katika saketi unganifu moja ya namba 4013. Baadhi ya wenzetu walipendekeza kigeugeu. Ni neno la kuvutia, na fundi angelicheka akalikumbuka. Lakini kigeugeu kwa Waswahili ni mtu asiyeaminika, anayebadilika kila upepo unapovuma, hali kiungo hiki kina thamani kwa sababu hakibadiliki; hushika neno lake mpaka kiambiwe vingine. Lingekuwa jina la kinyume kabisa cha tabia yake. Tumependekeza kishika-hali. Si neno tamu mdomoni, twakiri, lakini halidanganyi.

Kila kishika-hali kina tokeo na kinyume cha tokeo. Tokeo la wa kwanza huongoza A, na kinyume chake huongoza A-kinyume. Vivyo hivyo wa pili kwa B. Sasa peleka tokeo la wa kwanza kwenye ingizo la wa pili, na kinyume cha tokeo la wa pili ukirudishe kwenye ingizo la wa kwanza, kama pete iliyosokotwa mara moja. Wape wote wawili mpigo mmoja kwa wakati mmoja. Vishika-hali vitapita katika hali nne, chini-chini, juu-chini, juu-juu, chini-juu, na kurudi chini-chini. Nazo ndizo zamu nne tulizozitaja, pasipo kuongeza kitu. Ukitaka swichi ya kugeuza mwendo, pitisha kila ingizo katika lango-tofauti, yaani lango ambalo hutoa ishara pale tu maingizo yake mawili yanapotofautiana. Saketi ya namba 4070 ina malango manne ya namna hiyo, na mawili yatosha.

Kiendeshi ni transista nne za TIP122, moja kwa kila nusu-koili. Transista hii huvumilia volti 100 na ampea 5, na hukuza mkondo mara elfu moja hivi, kwa hiyo miliampea moja na nusu kutoka katika kishika-hali, kupitia kikinza cha omu 4,700, yatosha kabisa kuamrisha nusu ampea. Hatukutia bati la kupozea. Kwa mkondo huo halihitajiki.

Koili ina ukaidi wake. Mkondo ukiisha kupita ndani yake hautaki kukatika ghafla, na transista inapoufungia njia, volteji hupanda mara nyingi kupita ile ya kawaida, ikitafuta pa kutokea. Isipopewa njia huitoboa transista. Njia hupewa kwa diodi, moja kwa kila transista, kutoka kwenye mguu unaoungwa na koili kwenda kwenye chanya ya umeme wa mota. Tumeiita diodi ya kinga. Mwongozo wetu ulisema: kathodi ya diodi iungwe kwenye chanya. Maneno hayo ni sahihi. Lakini katika orodha ya istilahi tulikuwa tumeeleza kathodi kuwa “ncha hasi”, kama wanafunzi wengi walivyofundishwa. Kijana akasoma mwongozo, akasoma orodha, akaona haviafikiani. Akafikiri kwa akili zake njema kwamba ncha hasi haiwezi kwenda kwenye chanya, na kwamba sisi wazee tumepitiwa. Akazigeuza diodi zote nne. Transista ya kwanza ilipofunguka, umeme ulipata njia kutoka chanya hadi hasi kupitia diodi, bila koili wala kikinza cha kuupunguza. Tulisikia mlio mmoja, diodi ikapasuka.

Kosa ni la maelezo yetu. Kathodi si hasi wala si chanya kwa asili yake. Katika betri inayotoa umeme, kathodi ndiyo ncha ya chanya. Kilicho cha kudumu ni kwamba kathodi ni ncha ambayo mkondo hutokea katika kiungo. Orodha sasa yasema hivyo, na kwa diodi yaongeza: ncha yenye mstari. Diodi ya kinga huwekwa kinyume na mkondo wa kila siku makusudi, ili ilale hadi koili itakapofanya ukaidi. Anayetaka mwendo wa haraka zaidi huongeza diodi ya zena kati ya diodi za kinga na chanya, ili mkondo wa koili ufe upesi. Kwa mwendo wetu wa hatua 320 hatukuona haja.

Neno lililotupotezea siku ni ardhi. Tulikuwa tumetumia umeme wa aina mbili: betri ya volti 9 kwa kipiga-mipigo na kipanga-zamu, ili vishindo vya mota visivuruge hesabu, na volti 12 kwa mota. Katika hali hiyo hasi za pande mbili lazima ziunganishwe, la sivyo mkondo mdogo wa amri hauna njia ya kurudia betrini, na transista haisikii kitu. Sisi tuliandika “unga hasi ya betri kwenye ardhi”, kwa kufuata desturi ya michoro ya saketi, ambamo alama ya ardhi huchorwa hata katika redio ya mkononi isiyogusa udongo kamwe. Kwa fundi wa majumbani ardhi ni kitu kimoja tu: waya wa kijani na manjano uendao kwenye fimbo iliyochimbiwa chini ya nyumba. Kijana akachukua waya, akaupeleka huko. Hakuna kilichoungua, na hakuna kilichozunguka. Siku nzima tulimtazama akipima na kupimua, tukiwa tumekula kiapo cha kunyamaza. Sasa twaandika hasi ya pamoja, na ardhi twaiachia nyumba na radi.

Twaja kwa neno lililonusurika kuumiza. Kibao kina swichi ya kukata mipigo. Mwongozo ulisema: zima mota kwa swichi ya mipigo, kisha kaza skrubu zake. Kijana akabonyeza swichi, mhimili ukatulia, naye akaishika mota kwa kiganja. Aliuondoa mkono kwa kasi. Tulipomuuliza kulikoni, alijibu kwa adabu lakini kwa mshangao: “Wazee, si mmeandika kwamba nimeizima?”

Hakuwa ameizima. Nusu-koili ya mota yetu ina ukinzani wa omu 24. Kwa volti 12 hupitisha nusu ampea. Na kwa kuwa mbili huwa na umeme kwa pamoja, mota hula takriban wati 12. Ikisimama hali ipo chini ya umeme, hula wati hizo zote, tena pengine zaidi kuliko inapozunguka, kwani mzunguko wenyewe huzalisha volteji ya kupinga mkondo. Wati hizo hazifanyi kazi yoyote ya kusogeza, hivyo zote hugeuka joto. Mota nyingi za aina hii huruhusiwa kufikia nyuzi 80 za Selsiasi kwenye ganda lake bila kudhurika. Ngozi ya mtu hairuhusiwi.

Katika mota ya kawaida kusimama na kuzimwa ni jambo moja, na lugha yetu haikuwa na sababu ya kuyatenganisha. Mota-hatua inayo hali ya tatu: imesimama, lakini imeushika mhimili kwa nguvu zake zote. Jina lake hatukulitafuta mbali. Breki ya baiskeli ikifanya kazi husemwa imeshika. Basi mota ama yazunguka, ama imeshika, ama imezimwa. Na nguvu inayouzuia mhimili wakati imeshika ni nguvu ya kushika. Njia ya kuthibitisha ni rahisi. Jaribu kuugeuza mhimili kwa vidole: ukigoma, imeshika, ukigeuka kwa vikwazo vidogo vidogo vya sumaku, imezimwa. Mwongozo sasa una sentensi mbili mahali palipokuwa na moja, na kibao kina swichi ya pili, ya kukata umeme wa mota wenyewe.

Hapo ndipo lilipozuka pia neno shoti. Kijana alipoulizwa na mwenzake mlangoni, alisema nusura apigwe shoti, ingawa kilichompata ni joto. Mitaani shoti ni umeme kumpiga mtu, na shoti ni waya kugusana na waya, na sasa twaona yaweza kuwa lolote linalotoka katika umeme likauma. Tumelibakiza kwa kugusana kwa waya tu. Kwa mwili wa mtu twaandika mshtuko wa umeme, tukijua vyema kwamba mitaa haitatusikiliza upesi.

Uchoraji wa kibao haukuleta ugomvi wa maneno, kwa sababu mafundi wamekwisha kuyasuluhisha. Njia huchorwa kwa kalamu ya wino usiofutika juu ya bamba la shaba. Bamba hutiwa katika feri-kloridi iliyoyeyushwa katika chombo cha plastiki, si cha chuma. Dawa huila shaba isiyofunikwa na wino, njia zikabaki. Dawa inakula, wino unalinda, njia zinabaki: hakuna kamati ambayo ingesema vizuri zaidi. Maji yaliyokwisha kutumika yana shaba ndani yake na hayapaswi kumwagwa mferejini. Kulehemu kwa risasi nako kuna maneno yake ya zamani, na tumeyaacha yalivyo.

Limebaki neno moja ambalo hatujalimaliza. Viendeshi vya kisasa, kama A4988, huweza kuigawa hatua kamili hata mara 16, kwa kupeleka mkondo mwingi katika koili moja na kidogo katika nyingine, hivi kwamba mota ya hatua 200 hupata vituo 3,200 katika mzunguko. Kibao chetu hakiwezi jambo hilo, kwani kishika-hali hujua juu na chini tu, hakijui kiasi. Hatua hizo ndogo twaziitaje? Sarufi yatupa kihatua, wingi vihatua, kwa kipashio kilekile kinachofanya mto uwe kijito na mlima uwe kilima. Lakini ki- hiyohiyo hufanya kitoto na kijeshi, na tulipolisoma kwa sauti “mota yaenda kihatua”, wasikilizaji wawili kati ya watatu walielewa kwamba yaenda kwa namna ya hatua, yaani walielewa mota-hatua ya kawaida. Kijihatua halina utata huo, ila lina dharau kidogo, kama kijitu na kijigari. Kijana, alipoulizwa, alisema yeye angesema chembe ya hatua. Katika orodha tumeyaandika yote matatu, la kijana likiwa la kwanza, na tungependa wasomaji walio na karakana watuandikie wao husemaje.